Mkuu wa Shule Aitiwa Mzazi

Tangazo lilisomwa mstarini Jumatatu asubuhi, wakati jua limeshaanza kuwachoma wanafunzi visogoni. Kuanzia siku hiyo, alisema mkuu wa shule, ustawi wa mwanafunzi ni wa lazima. Si ombi, wala si pendekezo. Kila mwanafunzi atakuwa na utulivu wa nafsi, matumaini ya kesho na paji la uso lisilo na mikunjo, na atakayekutwa hana atachukuliwa hatua kwa mujibu wa kanuni.

Wanafunzi walipiga makofi kwa mtindo waliofundishwa, na wale wawili waliokuwa wamezimia kwa jua waliburutwa hadi kivulini ili wasiharibu picha.

Mkuu wa shule alikuwa na kipaza sauti cha mkononi chenye mkanda, na hakuwa akikivua. Alikitumia mstarini, alikitumia kwenye chumba cha walimu chenye watu wanane, na alikitumia ofisini kwake kumwita mhazili aliyekaa upande wa pili wa pazia. Wanafunzi walimpachika jina la Kipaza. Jina hilo lilimfikia na likampendeza, kwani aliamini ametunukiwa kwa kuwa amepaza sifa za shule.

Mara baada ya mstari, Kipaza alimwona mwalimu wa jiografia akipita kwenye ujia mikono mitupu. Katika shule ile, mtu asiye na kitu mkononi alihesabika kuwa nafasi iliyo wazi. Hapo hapo akamteua kuwa Mratibu wa Ustawi wa Wanafunzi, bila kumpunguzia hata kipindi kimoja. Mwalimu huyo alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyepewa na wanafunzi jina la Madamu Ramani kwa sababu hakuwahi kuonekana bila ramani kwapani, isipokuwa asubuhi hiyo moja. Alijaribu kueleza kwamba hajui lolote kuhusu ustawi. Kipaza akamhakikishia kwamba hilo halitakuwa kikwazo, kwani hata yeye aliteuliwa kwa utaratibu huo huo.

Chumba cha Ustawi kilipatikana upesi. Madawati mabovu yalitolewa kwenye stoo iliyo kando ya ngazi na kurundikwa chini ya ngazi hizo, mahali ambapo wanafunzi walikuwa na mazoea ya kukaa kwenye kivuli wakati wa mapumziko. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ustawi ilikuwa kuwafukuza wanafunzi mahali walipokuwa wakipumzika. Kipaza aliliita jambo hilo changamoto ya mpito.

Kuta zilipakwa rangi ya samawati. Juu ya ukuta mmoja liliandikwa neno TULIA, kwa rangi nyekundu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imebaki baada ya kuandika HATARI kwenye sanduku la umeme. Chini yake likawekwa kochi kuukuu kutoka ofisi ya Kipaza, ambaye alijinunulia jipya kwa fungu la ustawi. Kochi lile lilikuwa limebonyea katikati, na bonde lake lilifuata umbo la Kipaza kwa uaminifu mkubwa.

Kanuni za chumba alizitunga mwenyewe. Mwanafunzi anayetarajia kuhuzunika alitakiwa kuandika barua ya maombi siku tatu kabla, ili ratiba isivurugike. Mwalimu wa darasa athibitishe kwamba huzuni hiyo haikutokana na somo lake. Na mtu akishaingia mle, hatoki mpaka mzazi au mlezi wake afike, ahojiwe, kisha aondoke naye. Kanuni hii ya mwisho ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Aliamini kwamba matatizo yote ya watoto huanzia nyumbani kwao, maana aliwahi kuyatafuta ofisini kwake asiyaone.

Kanuni zilipelekwa wizarani, zikarudi na saini ya Mkurugenzi wa Ustawi, Furaha na Nidhamu, zikabandikwa mlangoni. Siku ya ufunguzi Kipaza alikata utepe na kutangaza kwamba ndani ya chumba hicho hakuna mkubwa wala mdogo; hata yeye akiingia, kanuni ni hizi hizi. Watu walipiga makofi. Askari wa getini, ambaye alikuwa amehamishiwa kwenye mlango huo mpya, hakupiga. Alikuwa mtu anayechukulia hotuba kama maagizo, na alikuwa akijitahidi kuyakariri.

Muhula mzima hakuna aliyeomba kuingia. Kipaza akaandika wizarani kwamba shule yake haina hata mwanafunzi mmoja mwenye huzuni. Wizara ikajibu kwamba imefarijika.

Katika muhula huo huo, Madamu Ramani alikuwa akifundisha kidato cha pili habari za maziwa makuu alipogundua kwamba binti mmoja wa nyuma ameongeza ziwa jipya. Amelala juu ya ramani, mdomo wazi, na mate yameshafunika nchi mbili. Wenzake walimwita Popo kwa sababu alikuwa akilala mchana. Walimu walikuwa wakimwadhibu kwa kumsimamisha kipindi kizima, na kilichopatikana ni kwamba Popo alijifunza kulala amesimama.

Madamu alipaswa kujaza fomu ya utoro wa akili. Badala yake, bila kufikiri sana, akamuuliza usiku anafanya nini.

"Namgeuza bibi," Popo alisema.

Ikabidi aeleze. Aliishi na bibi yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga, na nyumbani hapakuwa na mwingine. Miguu ya bibi ilikuwa imekataa kazi. Usiku asipogeuzwa mara kwa mara mgongo unachubuka, na akishageuzwa huomba maji, na akishanywa maji huhitaji kusafishwa, mpaka jogoo wanawika. Popo aliyasema haya bila kulalamika, kama mtu anayeeleza njia ya kufika dukani. Hakuomba kitu. Alitaka tu kujua kama angeruhusiwa kuifuta ramani kabla wino haujasambaa.

Madamu Ramani alikwenda ofisini kwa mkuu akiwa na matumaini. Hapa kuna chumba, alisema, kina kochi na hakina mtu. Na hapa kuna mtoto anayehitaji kulala saa moja wakati wa chakula cha mchana. Ilionekana kwake kuwa ni hesabu nyepesi.

Kipaza alimsikiliza kwa makini, kipaza sauti kikiwa kimewashwa, hivi kwamba pumzi zake zilisikika hadi maabara.

"Mlezi wake atakuja?" aliuliza.

"Hawezi kutembea, mkuu. Ndilo tatizo lenyewe."

"Basi akiingia hatatoka. Tutamfuga?"

Madamu aliuliza kama kanuni haiwezi kulegezwa kwa mtoto mmoja. Kipaza alisikitika. Ukilegeza kanuni leo, alimweleza, kesho utaombwa na nauli. Kisha akamshauri amwambie binti kwamba suala lake limepokelewa na linafanyiwa kazi.

Madamu akaenda akamwambia Popo kwamba suala lake limepokelewa na linafanyiwa kazi. Popo akashukuru. Madamu aliondoka na ladha mbaya mdomoni, kama mtu aliyetafuna chaki, na siku hiyo alifundisha majangwa kwa ukali ambao wanafunzi hawakuuelewa.

Haukupita muda mrefu habari zikaja kwamba Mkurugenzi mwenyewe atatembelea shule, akitafuta itakayotangazwa kuwa Shule ya Mfano wa Ustawi. Hapo utulivu ukaisha kabisa. Wanafunzi walibakizwa kila jioni uwanjani kwa mazoezi ya kutulia, na aliyeshindwa kutulia alikimbizwa kuzunguka uwanja mpaka atulie. Walimu walifundishwa kuuliza "Hujambo, mwanangu?" kwa sauti ya chini. Mwalimu wa hesabu, ambaye hakuwahi kuuliza hivyo, alimuuliza mwanafunzi wa kwanza aliyekutana naye, na mtoto wa watu akaangua kilio akidhani amefiwa.

Kipaza mwenyewe alikuwa amekonda. Macho yalikuwa mekundu, kola imelegea shingoni. Mhazili alimnong'oneza Madamu kwamba mzee halali. Akifika ofisini alfajiri anamkuta ameshafika, anapanga upya vikombe vya wageni. Siku moja simu ilipolia aliweka kipaza sauti sikioni akasema haloo, akasubiri kujibiwa. Hakuna aliyemuuliza kulikoni. Hapakuwa na fomu ya kumuulizia mkuu wa shule.

Asubuhi ya ugeni, Madamu Ramani alimkuta Popo amesimama mbele ya Chumba cha Ustawi akizungumza na askari. Askari alikuwa akimsomea kanuni kwa huruma, pole pole, kidole kikifuata maneno. Popo aligeuka. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Madamu, leo kichwa kinazunguka. Nilale kidogo tu. Nitatoka kabla hawajafika."

Madamu alikuwa ameshainua mkono kushika kitasa, Kipaza alipotokea. Aliuliza kuna nini, akaambiwa. Akasema kochi limeshapigwa brashi. Tena, akasema, wageni wakikuta mwanafunzi amelala humu watapata picha kwamba wanafunzi wetu wana matatizo, na kazi ya muhula mzima itakuwa imekwenda na maji. Popo aliitika "sawa mkuu" akarudi darasani akitembea kando kando ya ukuta, kiganja kimoja kikiushika.

Madamu alimtazama mpaka alipopinda kona. Kisha akaushusha mkono uliokuwa umeelekea kwenye kitasa.

Kipaza akaingia chumbani kwa ajili ya ukaguzi wa mwisho. Alisema anataka kulipima kochi kwa mtazamo wa mlengwa. Akafunga mlango. Askari, ambaye hakuwa na sababu ya kufanya vinginevyo, akageuza kibao kilichoning'inia kwenye kitasa, upande ulioandikwa MHITAJI YUMO NDANI.

Mkurugenzi alifika mapema, jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba. Alikuwa mtu mnene, mwenye suti ya kijivu na katibu mwembamba aliyemfuata nyuma akiandika kila anachosema, pamoja na kukohoa. Wanafunzi walisimama uwanjani wakiwa wametulia kiasi cha kutisha. Mkuu wa shule akatafutwa ofisini, akatafutwa msalani, hakuonekana.

Ndipo mngurumo ukasikika. Ulipanda, ukakwaruza, ukakatika, kisha ukaanza upya kwa nguvu zaidi, ukitokea upande wa ngazi. Mkurugenzi aliuliza kama shule ina mashine ya kusaga. Madamu Ramani alikwenda mbio, akafungua mlango kidogo, akachungulia.

Kipaza alikuwa amelala chali katika bonde lake. Viatu vilikuwa vimepangwa sakafuni vikiwa sambamba, soksi moja ina tundu kwenye kidole gumba, na kipaza sauti kimelala kifuani, mdomo wake ukielekea mdomo wa mwenyewe. Kilikuwa kimewashwa.

Madamu akafunga mlango. Alipogeuka, Mkurugenzi alikuwa ameshafika nyuma yake, akisoma kibao.

"Mhitaji yumo ndani," alisoma kwa sauti, na uso wake ukachanua. Alieleza kwamba amezunguka shule nyingi na kila mahali ameambiwa hakuna mwenye shida, hadi akaanza kuwa na wasiwasi kwamba idara yake inahudumia watu ambao hawajazaliwa. Leo hatimaye amempata mlengwa. Akataka kujua ni wa kidato gani.

Hapa Madamu Ramani angeweza kusema lolote. Angeweza kusema mkuu alikuwa akijaribu vifaa, au kwamba amepatwa na kizunguzungu kwa ajili ya kujituma. Majibu kama hayo yalikuwa tayari mdomoni. Miezi ile alikuwa amejifunza lugha hiyo vizuri. Lakini mbele ya macho yake aliona kiganja kikitambaa juu ya ukuta.

"Ni mkuu wa shule, mheshimiwa," alisema. "Ameingia kwa hiari yake."

Mkurugenzi akafungua mlango, akamtazama mtu yule kwa muda. Katibu akaandika. Kisha Mkurugenzi akauliza utaratibu unasemaje. Madamu akamwonyesha kanuni zilizobandikwa, na chini yake saini ya Mkurugenzi mwenyewe. Mkurugenzi aliitazama saini yake kwa heshima. Hakuwa amesoma kilichokuwa juu yake, lakini hakuwa mtu wa kuigeuka.

"Basi utaratibu ufuatwe," akasema.

Sauti zile zikamwamsha Kipaza. Alisimama na kuanza hotuba ya ukaribisho papo hapo, akiwa na soksi, akimshukuru mgeni kwa kuacha shughuli zake nyingi. Katikati ya sentensi akakumbuka aliko. Akachukua viatu akaelekea mlangoni, na mlangoni alikuwepo askari.

"Samahani, mzee. Mzazi wako bado hajafika."

"Mimi ni mkuu wa shule."

"Ndiyo, mzee. Ulisema hata wewe."

Askari hakuwa na kejeli hata chembe. Alikuwa amesubiri muhula mzima kuifanya kazi hii, na alikusudia kuifanya vizuri. Kipaza alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi alitazama kanuni. Madamu Ramani akatoa simu yake, akaomba namba kwa mhazili, na akampigia mama mzazi wa mkuu wa shule.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda nyuma ya soko. Alifika na tepu ya kupimia shingoni na pini zimechomekwa kwenye ukosi, kwa kuwa aliambiwa mwanawe ana matatizo shuleni, na kwa miaka mingi alikuwa hajapata ujumbe wa namna hiyo. Alikaribishwa kiti kidogo cha mwanafunzi. Mkurugenzi alikaa kwenye dawati bovu lililorudishwa kutoka chini ya ngazi. Kipaza alibaki kwenye kochi, viatu mapajani.

Mahojiano ya mzazi yalikuwa na maswali rasmi aliyoyatunga Kipaza. Madamu Ramani aliyasoma yalivyoandikwa, maana hakujua afanye nini kingine. Akamuuliza mama kama mtoto wake analala vizuri.

"Halali," mama alisema. "Mke wake ananiambia anatembea sebuleni usiku kucha anahutubia makabati."

Akaulizwa kama anakula. Anakula, alijibu, lakini amesimama, kama mtu anayesubiri kuitwa. Akaulizwa kama ana marafiki wa kucheza nao. Mama alifikiri hapo, akivuta tepu huku na huku.

"Alikuwa nao wengi, tena wazuri. Tangu apewe ofisi, wote amewafanya kamati."

Katibu alicheka, akajifanya anakohoa, kisha akaandika kwamba amekohoa.

Swali la nne liliuliza kama mzazi huzungumza na mtoto wake nyumbani. Mama akasema angependa sana, ila mwanawe siku hizi hasemi, anatangaza. Mwanawe alikuja kumtembelea sikukuu iliyopita, wakakaa kula, mama akamwomba ampitishie chumvi. Mwanawe akamjibu kwamba ombi lake limepokelewa. Chumvi hakupewa. Alisimulia haya bila kumsema mtoto vibaya. Alikuwa kama mtu aliyepeleka redio kwa fundi na anajaribu kueleza inavyokwaruza.

Kisha akamgeukia Madamu.

"Na hapa kazini, mwanangu, nani humuuliza ameamkaje?"

Madamu akasema ukweli, kwamba hakuna. Aliposema hivyo aliona aibu, na aibu hiyo ilimshangaza, maana alikuwa amejiandaa kwa jambo lingine kabisa. Kipaza alikuwa ameinamisha kichwa, akifunga na kufungua kamba za kiatu kisichokuwa mguuni.

Mama akauliza huu utaratibu wa kuita wazazi ni wa nani. Akaelezwa. Akauliza tena, kwa udadisi tu, mtoto asiye na mzazi wa kuja huwa wanamfanyaje.

Madamu Ramani alimtazama mkuu wake. Kipaza alishika kipaza sauti, akakiweka chini.

"Hilo halikufikiriwa," alisema.

"Halikufikiriwa na nani, baba?"

Kulikuwa na majibu mengi yanayowezekana. Kulikuwa na kamati ndogo, kulikuwa na mchakato, kulikuwa na wadau. Kipaza alifungua mdomo na kuyatafuta yote.

"Na mimi," alisema. Bila mashine, sauti yake ilikuwa ndogo, hata ya kupendeza.

Mama alisimama, akakung'uta sketi. Akamwambia avae viatu, waende nyumbani akale amekaa, alale, na soksi hiyo ataishona. Mkuu wa shule akavaa viatu. Askari akawafungulia mlango na kuwapigia saluti wote wawili. Walivuka uwanja mbele ya shule nzima, mama mbele, mwana nyuma, kipaza sauti kikiwa kwenye mfuko wa plastiki wa mama pamoja na vipande vya vitambaa. Hakuna mwanafunzi aliyepiga makofi, kwani jambo hilo halikuwa limefanyiwa mazoezi.

Mkurugenzi alikuwa ameguswa. Alisema katika utumishi wake wote hajapata kuona ustawi ukifanya kazi kwa kasi ile. Akatangaza hapo hapo, katibu akiandika mapajani, kwamba kuanzia sasa kila kiongozi wa elimu, katika ngazi zote, kabla ya kuthibitishwa au kuongezewa mkataba, atafika na mzazi wake au aliyemlea, na mlezi huyo atahojiwa hadharani. Akatia saini kwa kalamu ya dhahabu. Katibu akapiga picha ya waraka kwa simu na kuurusha katika ofisi zote. Mkurugenzi alitoka kwenda kunywa chai akiwa na furaha ya mtu aliyewatungia sheria watu wengine.

Madamu Ramani alibaki peke yake na kochi. Kisha akaenda kidato cha pili, akamtoa Popo katika kipindi cha hesabu, akamwongoza hadi chumbani. Popo alisita mlangoni.

"Na bibi hawezi kuja, Madamu."

"Najua. Jioni nitakwenda mimi kwake. Nitalala hapo, nitamgeuza. Wewe leo lala."

Popo alimtazama kama anayetafuta mahali pa kutia saini. Hakupaona. Akavua viatu, akajikunja kwenye bonde la kochi ambalo lilikuwa kubwa kwake mara mbili, na kabla Madamu hajavuta pazia alikuwa ameshapotelea usingizini. Madamu akatoka nje akamwambia askari kwamba huyu asiulizwe mzazi. Askari aliuliza kama hiyo ni amri. Madamu akasema hapana, anamwomba tu. Askari alitafakari, kwani hakuwa amewahi kuombwa kitu katika shule ile, kisha akasema kama ni hivyo hakuna tatizo.

Haikuchukua muda Mkurugenzi alirudi kwenye ujia kwa hatua za haraka, biskuti bado mkononi. Uso ulikuwa umebadilika rangi. Nyuma yake katibu alikuwa haandiki. Ilionekana kwamba, wakati wa chai, katibu alimkumbusha kwa unyenyekevu kuwa mkataba wa Mkurugenzi unaisha mwezi huu, na kwamba maneno "ngazi zote" yana tabia ya kuhusu ngazi zote.

"Ule waraka," Mkurugenzi alisema, "ule wenye saini yangu, nimeuacha humo ndani. Kuna neno moja la kurekebisha."

Madamu Ramani aliweka kidole mdomoni.

"Kuna mtoto amelala, mheshimiwa."

Mkurugenzi aliangalia mlango, akaangalia askari, akaangalia kibao. Alizoea kufunguliwa milango. Lakini hakuna aliyesogea, na kwa namna fulani sauti yake ikashuka yenyewe. Akauliza kwa mnong'ono ataamka saa ngapi. Madamu naye akanong'ona kwamba ataamka akishashiba usingizi.

Mkurugenzi akakaa kwenye benchi la ujiani, biskuti kwenye goti. Alieleza, bila kuulizwa, kwamba wazazi wake walifariki zamani na alilelewa na shangazi yake. Mwanamke mzuri, alisema, mwenye kumbukumbu kali. Siku ya harusi yake shangazi huyo alipewa nafasi ya kusema maneno mawili, na aliendelea mpaka wenye ukumbi wakaja kuufunga.

Simu yake ikaanza kuita. Alikurupuka kuizima, akakosea, akaipokea. Waraka ulikuwa umeshafika katika kila ofisi, na kutoka ofisini ulikuwa umefika kwa kila binamu.

"Shikamoo, shangazi," alinong'ona, mgongo umempinda. "Siwezi kusema kwa sauti... Hapana, siumwi. Kuna mtoto amelala... Ndiyo, nakula... Ndiyo, mboga pia."

Kwenye ujia uliotulia, sauti ya upande wa pili ilisikika vizuri hadi kwa askari. Shangazi alikuwa amefurahi mno. Alisema hajapata kuona serikali ikitoa agizo la maana kama hili, na kwamba gauni ameshalitoa sandukuni. Alichotaka kujua ni kimoja tu, kama muda wa kuzungumza utakuwa na kikomo.

Mkurugenzi alimtazama Madamu Ramani kwa macho ya kuomba. Madamu akatikisa kichwa pole pole. Waraka haukuweka kikomo.